Jioni ya Koti Jeusi Melini, na Kanzu ya Mwanangwa

Vijana wangu wa meza ya pasi, mliniomba niseme maneno siku ya kuagana nikakataa. Maneno ya mdomo mnayasahau kabla mkaa haujapoa, kwa hiyo nimeandika. Shule niliifuata mpaka mwalimu aliponichoka, basi msitafute nukta zilizokosekana. Lakini nitajieni mtu mmoja, toka Shinyanga mpaka Buseresere, awezaye kuisimamisha kola ya shati ikakaa wima kama pembe ya ndama tangu jua kuzama mpaka mwenyewe anakwenda kulala. Mkimpata mleteni nimsalimie. Nina hakika nitakufa sijamsalimia.

Kazi niliianzia Shinyanga mjini, uani kwa Mhindi mmoja muuza vitambaa, chini ya Mzee Sefu, Mmanyema aliyekulia Tabora. Siku ya kwanza nilifika nimejitayarisha kushika pasi. Akanipa jani la mgomba.

"Shikamoo, mzee. Hili la nini?"

"Marahaba. La kupiga pasi."

"Nipige pasi jani?"

"Ulitaka nikupe suruali ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, uanzie hapo?"

Nikapiga pasi majani. Jani la mgomba likipitiwa na pasi ya mkaa linaung'arisha uso wa chuma, ukienda kwenye nguo unateleza kama mtumbwi. Pia likiungua linakwambia chuma kimezidi, na jani halina mwenyewe wa kukufukuza kazi. Mzee Sefu alinifundisha kuisikiliza pasi. Unarusha tone la maji: likikaa na kulia, bado; likiruka na kutoweka, anza. Alinifundisha kupika wanga wa muhogo, kuuchuja kwa kitambaa, na kuukwangulia mshumaa kidogo ili kifua cha shati kitoke kinang'aa kama sahani. Buluu kidogo kwenye maji ya mwisho, isizidi, mtu asije akatoka na shati la rangi ya mbingu. Neno lake kubwa lilikuwa hili: "Nguo ya mtu ukiiunguza, umempiga kofi na hayupo." Mshahara wake siusemi hapa. Haukuwa mrefu.

Dhahabu ya upande wa Geita ilipovuma, wenzangu walikwenda kushuka shimoni. Mimi nilibeba pasi yangu nikaenda kuwafulia walioshuka na waliowashusha. Walinicheka sana. "Maganga anakwenda kuchimba makwapa!" Nawaambia, makwapa hayaporomoki yakamfukia mtu.

Sasa niwaeleze sheria za mavazi, maana nyinyi mmekuta zimelegea. Mzungu wa mgodini mchana alivaa kaptula na soksi ndefu, na matope mpaka magotini. Mtu huyohuyo jioni akialikwa mezani alikuwa hawezi kula mpaka afungwe shingo. Na mahali penye sheria kali kuliko pote palikuwa melini. Ilikuwapo meli iliyozunguka ziwa zima ikibeba pamba, barua na mizigo ya mgodi, na juu ikibeba wasafiri wa daraja la kwanza, watu waliolipa ili wazunguke warudi walipotoka. Msiniulize kwa nini. Kila ilipotia nanga kwenye gati letu, wakubwa wa mgodi walialikwa chakula cha jioni, na jioni ile iliitwa jioni ya koti jeusi. Wanaume koti jeusi, shati la kifua kigumu, tai ya kipepeo. Wanawake gauni la kuburuta. Asiyevaa hivyo alikula chumbani kwake kama mgonjwa.

Shida ilikuwa barabara. Kutoka mgodini mpaka gatini ni udongo mwekundu mtupu. Watu walipanda lori wakiwa weupe na weusi, wakateremka wote rangi moja, kama matofali. Nikaenda kwa meneja mwenyewe, sikupitia kwa karani, nikamwambia: "Bwana, nguo zisafiri kwenye masanduku ya bati, watu wasafiri na vumbi lao, wakutane gatini." Nikajengewa banda: upande wa wanaume, upande wa wanawake, katikati mimi na pasi zangu. Wazo lile lilikuwa langu peke yangu. Wapo waliolidai baadaye, nao wanajijua.

Mambo niliyoyaona kwenye lile banda! Bwana mmoja wa mashine alifungua sanduku akakuta mchwa wamekula suruali yake nyeusi, hasa pale mtu anapokalia. Meli inapiga honi, bwana anataka kulia. Nikachukua mwavuli wake, mweusi mzuri, nikakata kitambaa, nikashona kiraka kwa ndani, nikakipitishia pasi kupitia kitambaa kibichi. Nikamwambia, "Bwana, kaa, simama, cheza dansi ukitaka. Usiiname." Alikula, alicheza, hakuinama. Mwavuli wake baadaye ulikuwa wa kuzuia jua la upande mmoja.

Mkubwa wa wahudumu melini alikuwa Bwana Menezi, Mgoa mwembamba, mwenye mpaka wa nywele ulionyooka kama reli. Alisimama juu ya ngazi akimkagua kila anayepanda, kuanzia viatu. Mabwana wakubwa walimwogopa. Mimi sikumwogopa, kwa sababu mashati yake pia yalipita kwangu. Na wahudumu wake wa mezani niliwapigia pasi mimi. Wao sheria yao ilikuwa kanzu nyeupe ndefu, mshipi mwekundu kiunoni na tarbushi nyekundu. Meli ilipofika tu asubuhi, rafiki yangu Athumani, mmoja wao, aliniletea kanzu zote kwenye kapu, nami nilizirudisha jioni. Likumbukeni hilo kapu, maana habari yenyewe imo humo.

Pale gatini palikuwa na mwanangwa, mkuu wa vijiji vyote vya ufukoni, jina lake Nkwabi. Mtu mrefu, mwenye maneno machache na ng'ombe wengi. Watu wake tangu babu zao walinyweshea ng'ombe kwenye ghuba ile. Bohari za mgodi zilipojengwa, zikazungushiwa waya, na waya ukaifunga njia ya ng'ombe. Kikasimamishwa kibao: HAKUNA NJIA. Kuanzia hapo ng'ombe walizunguka nyuma ya vilima kutafuta maji, na kiangazi kile kilikuwa kibaya. Ng'ombe wenye ndama walianza kulala njiani wasiamke. Wawili kati ya wale ng'ombe walikuwa wangu. Pesa ya pasi naificha wapi? Msukuma haifichi ndani ya godoro, anaipa miguu minne. Nilikuwa nimewaweka zizini kwa mwanangwa.

Mwanangwa alikwenda ofisini mara kadhaa. Kila mara karani alimwambia, "Ngoja nje, mzee," na nje hakuna aliyetokea. Kisha likaja jambo la ajabu. Wasafiri wa melini walitaka kumwona mkubwa wa nchi wanayoipita, na meneja akaona si vibaya, akampelekea mwanangwa mwaliko wa jioni ya koti jeusi. Atakaa meza moja na meneja. Pale hakuna karani, wala nje ya kungojea.

Athumani aliponiletea kapu asubuhi ile nikamwambia habari hizi kwa furaha. Yeye hakufurahi.

"Atavaa nini?" akauliza.

"Mwanangwa? Kanzu yake. Ana kanzu ya hariri, kola ya darizi. Vazi lake la baraza."

Athumani akaketi juu ya kapu. "Maganga, safari iliyopita, gati la ng'ambo, walimwalika shehe mmoja. Mtu mzima, mwenye heshima zake. Akapanda na kanzu safi. Hajafika mezani, mama mmoja akamkabidhi glasi tupu. Bwana mwingine akamwambia, 'Boi, barafu.' Mzee wa watu akaiweka glasi chini, akateremka, akaondoka na mtumbwi. Supu ilikuwa haijatoka."

"Hawakuona kwamba hana mshipi mwekundu?"

"Wale wanatazama kanzu, ndugu yangu. Wakishaona kanzu hawatazami tena."

Nilisikia baridi, na mkaa ulikuwa unawaka mbele yangu. Mwanangwa Nkwabi akiitwa boi mbele ya watu atateremka, na akiteremka hatapanda tena, wala ofisini hatakwenda tena. Waya utabaki. Ng'ombe hawatafika masika.

Nikamwendea Bwana Menezi. Nikamweleza. Akasikiliza huku akikagua kucha zake.

"Sheria inaruhusu," akasema. "Koti jeusi, au vazi la heshima la mwenyeji. Kanzu atapanda nayo. Watu wakimtuma barafu, mimi nifanyeje? Mwambie avae suti."

"Wahudumu wako wavae yale makoti yao meupe ya mchana, basi. Jioni moja tu."

"Jioni ya koti jeusi, wahudumu wanavaa kanzu. Toka niingie kazini ni kanzu. Wewe piga pasi, Maganga. Mambo ya meli niachie mimi."

Nikachukua suti nyeusi ya bwana mmoja aliyekuwa likizo, mrefu kama mwanangwa, nikaenda nayo nyumbani kwa mzee. Nilimkuta anatazama ndama aliyelala.

"Mwadila, baba."

"Mwadila. Umebeba nini, ng'wana wane, mwanangu? Umefiwa?"

"Ni suti, baba. Ya kuvaa leo melini. Wazungu wote watakuwa nayo."

Akaishika suruali kwa vidole viwili, akaipima kwa macho mpaka chini. "Hii ina miguu miwili."

"Ndiyo, baba. Ni suruali."

"Naijua suruali. Karani anayeniambia ngoja nje anayo. Niende nimevaa kama yeye, nani atajua nani amekuja?" Akaniangalia. "Na wewe, mwanaume mzima unatembea na nguo za watu mikononi. Mama yako akiulizwa Maganga anafanya nini, husema, 'Yuko Geita, kazi yake ina moto.' Anaona haya kusema unafua."

Mke wake mkubwa, Mama Kabula, alicheka mpaka akaweka mchi chini. Mimi pia nilicheka. Nilikuwa nimeshazoea, wanaonicheka wote nguo zao nazijua mishono.

"Baba," nikasema, "melini kanzu ni nguo ya wahudumu."

"Hapa ni nguo yangu. Meli imekuja hapa, mimi sikwenda kwake." Akanirudishia suruali. "Nipigie pasi kanzu. Ifanye kama unavyoweza. Nasikia unajisifu."

Nilirudi bandani na kanzu ya hariri begani na suti mkononi, na njia nzima nilikuwa najisemea. Suti hataki, amesema. Menezi hawezi kubadilisha, amesema. Kila mmoja ameshika lake. Nikafika, nikaona kapu la Athumani: kanzu zote za meli, zimekunjwa, zinangoja pasi. Na karibu nalo karai la wanga, wa moto, mzito, niliouandaa kwa ajili ya vifua vya mashati.

Vijana, kuna watu husoma vitabu mpaka wanazeeka na wazo kama lile halijawatembelea.

Nikazitumbukiza kanzu zote karaini. Nikazikandamiza mpaka zikanywa. Nikazitundika kambani nyuma ya banda, upande wa kivuli, zikining'inia nzito kama ngozi mbichi. Kisha nikaipiga pasi kanzu ya mwanangwa. Hariri haitaki wanga wala haraka. Inataka pasi ya vuguvugu na kitambaa juu, na roho iliyotulia. Nilipomaliza ilikuwa inaanguka kama maji.

Jua lilipoanza kuinama akaja Bwana Menezi mwenyewe, mbio, jambo ambalo sikupata kuliona kabla.

"Kanzu zangu ziko wapi?"

"Kambani, bwana."

"Zimekauka?"

"Zina wanga mpya. Niliona ni jioni ya heshima, zisimame vizuri."

Akaenda nyuma ya banda, akashika moja, mkono ukanata. "Maganga! Hii ni ugali!"

"Kesho itakuwa nzuri sana, bwana."

"Kesho! Piga pasi sasa hivi!"

"Wanga mbichi ukiupiga pasi, bwana, unashika chuma, unaungua, unatoka wa kahawia. Ukitaka wahudumu wa kahawia, sema, mkaa ninao." Nikashika pasi. Sikuwa nadanganya hata neno moja. Kila fundi angemwambia hivyohivyo.

Alinitazama. Nadhani alielewa. Lakini pale benchini zilikuwapo kola za wakubwa wote wa mgodi, bado hazijasimamishwa, na mikono ya kuzisimamisha ilikuwa hii miwili. Akapanga nywele zake na kiganja, ingawa hazikuwa zimevurugika.

"Wavae makoti meupe," akasema. "Mimi na wewe tutaonana."

Jioni nilipanda melini kama kawaida, nikakaa kwenye chumba kidogo cha vyombo na pasi ndogo ya tai, kwa ajili ya dharura. Kulikuwa na dirisha la kupitishia sahani, na kupitia hapo niliuona ukumbi wote. Mabwana walisimama kama kunguru waliooga. Wahudumu walipita katikati yao, suruali na makoti meupe, vifungo vya shaba. Halafu mwanangwa akaingia.

Kanzu moja tu kwenye meli nzima. Nawaambieni, hata mlio wa glasi ulipungua. Alitembea polepole, fimbo yake mkononi, kitambaa kikimfuata nyuma. Mama mmoja mnene, mwenye glasi tupu, aligeuka akiutafuta mkono wa kuipokea. Akamwona mwanangwa. Glasi ikainuka kidogo. Mimi nikaikamata pasi kwa upande wenye moto, alama ninayo mpaka leo, njooni muione. Mama yule akatazama ile kanzu juu mpaka chini, akatazama huku na huku, akaliona koti la Athumani, akampa yeye glasi. Kisha akamrudia mwanangwa na kumpa mkono.

Walimkalisha karibu na meneja. Supu ilipita, samaki akapita. Mwanangwa alikula kidogo, akimwangalia jirani anashika nini kwanza. Meneja, ambaye Kiswahili chake alikiokota shimoni, akamgeukia.

"Mwanangwa, chakula mzuri?"

"Chakula ni kizuri. Nimekula nikiwafikiria ng'ombe."

"Ng'ombe nafanya nini?"

"Wanakufa, bwana. Umefunga njia yao ya maji. Umeweka kibao. Watu wangu wachache wanajua kusoma. Ng'ombe wangu hajui hata mmoja."

Meneja akacheka, akawatafsiria wenzake, meza yote ikacheka. Mwanangwa hakucheka. Alingoja wamalize, akasema kwa sauti ileile, "Nilikuja ofisini kwako. Niliambiwa ningoje nje. Leo umeniita ndani, nami nakuomba ndani: fungua njia."

Kicheko kikaisha. Meneja alitazama sahani yake, akamtazama nahodha, akawatazama wale wasafiri waliotaka kumwona mkubwa wa nchi. Wote walikuwa wanangoja jibu. Mbele ya macho yale yote, na kola yangu shingoni mwake inayomkataza hata kuinamisha kichwa, angesema nini?

"Kesho asubuhi," akasema. "Mimi nafungua."

Mwanangwa alipoteremka nilikuwa nimeshashuka, namsubiri gatini. Nilitaka ajue. Mtu akifanya jambo kubwa hivyo asiseme, atapata maradhi. Nikamweleza: shehe wa ng'ambo na glasi aliyokabidhiwa, kapu, wanga, kamba, Menezi na mkono wake unaonata. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ulidhani wakinipa sahani ningekimbia," akasema.

"Shehe yule aliondoka, baba."

"Shehe hakuwa na ng'ombe wenye kiu. Mimi wangenipa sahani ningeipokea, ningempelekea meneja, na nikifika ningekaa kiti cha pembeni yake nimwambie yaleyale." Akatembea kidogo, akasimama. "Lakini hivi ilikuwa bora. Mama yako akiulizwa, mwambie aseme unafua."

Neno hilo, vijana, mwanangwa Nkwabi hakumwambia mtu mwingine yeyote katika nchi ile.

Asubuhi meneja alitimiza. Askari wa bohari walikata waya na kung'oa kibao jua likiwa bado changa. Meli ilikuwa bado inapakia pamba, na kanzu za Bwana Menezi zilikuwa bado kambani, hazijakauka vizuri kwa wanga mwingi ule. Naye alikuwa amesimama pale pale, saa mkononi, akinilaani kwa Kigoa, akingoja nianze kupiga pasi. Ndipo tukasikia kengele za shingoni.

Ng'ombe waliteremka wote kwa pamoja. Waliyanusa maji kutoka mbali, na mchungaji gani awazuie? Njia yao ya zamani ilipita nyuma kabisa ya banda langu; sikuwahi kuijua kwa sababu nilipojengewa banda waya ulikuwapo tayari. Walipita pande zote za kamba, mbio, mamia ya kwato kwenye udongo mwekundu, na wingu likatufunika mimi na Menezi tusionane. Lilipotulia, kila kanzu ilikuwa imekamata vumbi kama ukuta uliokandikwa. Wanga unashika kila kitu, niliwaambia.

Bwana Menezi alifuta macho. Mpaka wa nywele zake haukuonekana tena. "Zote," akasema. "Zifue zote upya."

"Ndiyo, bwana," nikasema, nikachukua kapu nikaenda nazo ziwani. Nilipofika nilisimama kwanza kutafuta nafasi ya kufulia, kwa sababu ufuko wote ulikuwa umejaa migongo iliyoinama, na pale mwisho kabisa, wamezamisha pua mpaka machoni, walikuwa wawili wangu.